Amepanga Ufukweni

Simu ilikatika, lakini sindano haikusimama.

Fundi aliipitisha kwenye ngozi bandia, akaivuta, akaikaza, akaipitisha tena. Alikuwa anashona kava la kiti cha mbele, upande wa abiria, la gari litakalompeleka yeye mwenyewe fungate. Kiti cha dereva alishakimaliza jana. Hiki ndicho atakachokalia yeye.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: mwanamke huyu anashona viti vya magari, na watu wamezoea kumwita Fundi tu, kama walivyomwita baba yake katika karakana hii hii kabla hajafariki. Keshokutwa, Jumamosi, anaolewa na mwalimu wa udereva. Harusi ikiisha wanaingia barabarani: mji wa milimani, hifadhi ya wanyama, mji wa kale, na mwisho kabisa ufukweni. Asubuhi hii alipiga simu nyumba ya wageni ya huko ufukweni kuuliza jambo dogo sana, kama kuna kivuli cha kuegesha gari. Alipotaja jina la mchumba wake, mhudumu akacheka.

"Huyo? Huyo si mgeni, dada. Huyo amepanga kwetu. Na mwenzake yumo ndani hivi tunavyoongea."

Hapo ndipo simu ilipokatika, na hapo ndipo tulipomwacha.

Mtu mwingine angepiga kelele. Fundi alipiga namba ile tena, akaambiwa haipatikani, akaiweka simu juu ya kipande cha sponji na kurudi kwenye mshono. Alijikagua kama anavyokagua kiti cha mteja, akitafuta palipochanika. Hakupaona. Tangu walipomzika baba yake, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako. Unaugusa, husikii kitu.

"Wifi, nimefikiria," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa dada wa mchumba wake, msusi wa saluni ya jirani, aliyejiteua mwenyewe kuwa mkuu wa mambo yote ya fungate. Mikono yake ilinukia mafuta ya nywele, na kitana kilikuwa kimechomekwa kichwani mwake kama kalamu ya karani.

"Hifadhini msilale ndani. Laleni mji wa nje ya geti, muingie alfajiri. Nina mteja aliwahi kwenda. Anasema usiku fisi wanachekea nyuma ya hema, mpaka mume mwenyewe anakuomba umshike mkono."

"Sawa."

"Na kigari chenu kile hakiwezi mabonde ya mle ndani. Mtakiacha getini, mchukue gari la juu pamoja na dereva wao."

"Sawa."

"Mji wa kale mkae siku mbili, si moja. Vile vichochoro vina kivuli cha kupigia picha. Uvae ile nguo ya kijani, kaka avae chochote, hakuna atakayemtazama."

"Sawa."

Wifi akamwangalia. "Ningesema mkalale juu ya mti ungesema sawa."

"Nimeongea na watu wa ufukweni," alisema Fundi.

"Eh. Kivuli kipo?"

"Hatukufika huko. Wamesema kaka yako amepanga kwao. Na mwenzake yumo ndani."

Wifi akakaa. Alikalia kiti cha gari kilichowekwa sakafuni, hakina miguu, na magoti yakamfika kidevuni.

"Rudia."

Fundi alirudia neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sauti ile ile anayosomea vipimo.

"Amepanga safari," alisema Wifi. "Si ndiyo? Kaka anapanga kila kitu. Hata kunywa chai anapanga."

"Hakusema amepanga safari. Kasema amepanga kwetu. Kasema si mgeni."

"Mgeni analala," alisema Wifi polepole, na uso wake ukaanza kugeuka. "Mpangaji anapanga. Kapanga nyumba. Kapanga nyumba na kamweka mtu ndani."

"Sijui."

"Kaka yangu? Huyu anayewasha taa ya kukata kona hata akiwa peke yake barabarani? Huyu ambaye akitaka kukohoa anatazama kioo kwanza? Huyu ndiye aweke mtu ndani?"

"Sijui, wifi."

"Na wewe unashona."

"Nifanye nini?"

"Ulie. Utukane. Uvunje kitu, hata hicho kikombe."

Fundi alikitazama kikombe. "Hiki ni cha mteja," alisema, na akakisogeza mbali kidogo na ukingo wa meza.

Tusiharakishe kumshangaa. Kuna watu ambao habari mbaya ikiwafika hukaa mlangoni kwanza, haiingii. Inabisha, wenyewe wanaisikia, lakini hakuna anayeinuka kufungua.

Wifi alitembea kutoka kabati la nyuzi hadi mlangoni, akarudi. Ghafla akasimama.

"Mnarudi lini?"

"Nani?"

"Nyinyi. Safari yote tumeikalia hapa. Mji wa milimani, hifadhi, mji wa kale, bahari. Mimi nimechagua mpaka viatu. Lakini mnarudi lini? Mnapitia wapi? Mbona sijawahi kusikia?"

Sasa sindano ilisimama.

Fundi aligundua kwamba hajui. Jioni nyingi walikuwa wameizunguka meza hii ya kukatia vitambaa, ramani imetandazwa juu ya ngozi na turubai, Mwalimu akionyesha kwa kidole: hapa tutaweka mafuta, hapa lami imekwisha, hapa askari wa barabarani wanapenda kusimama nyuma ya kona, kwa hiyo polepole. Kidole kilishuka kutoka milimani, kikapita kando ya hifadhi, kikapumzika mji wa kale, kikafika baharini. Kisha kiliinuliwa. Hakikuwahi kurudi.

Nje kulilia honi, mbili fupi, za adabu.

Ni mtu mmoja tu mtaa mzima anayepiga honi kwa kuomba radhi.

"Namwendea mimi," alisema Wifi.

"Kaa. Ni mchumba wangu."

"Ni kaka yangu. Nilimjua kabla yako, nitamnyonga kabla yako."

"Una kichwa cha mtu kule saluni kimesukwa nusu."

Wifi alishika mdomo. Kweli alikuwa nacho. Alitoka mbio upande mmoja, Fundi akafunga mlango wa karakana na kutoka taratibu upande mwingine.

Gari la shule ya udereva lilikuwa limeegeshwa pembeni na kibao chake juu ya paa. Kwenye usukani alikaa mwanamke wa makamo mwenye sare nyeupe ya hospitali, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani kama unaweza kutoroka. Kando yake alikaa Mwalimu, shati limenyooshwa, mguu juu ya breki ile ya pili ambayo ni ya walimu tu.

"Nilipita kukusalimu kidogo," alisema Mwalimu. "Niko na nesi, mtihani wake unakaribia."

Fundi alifungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Endeleeni. Nitaongea mkiwa mnaendesha."

Mwalimu alimtazama kwenye kioo. "Mkanda," alisema.

Fundi akafunga mkanda.

"Haya, mama. Kioo. Ishara. Achia klachi taratibu, usiitupe."

Gari liliruka kama limeamshwa usingizini, likaingia barabarani.

"Nimepiga simu ufukweni," alisema Fundi.

"Vizuri. Kivuli kipo?"

"Wamesema umepanga kwao."

"Gia ya pili, mama, inalia. Ndiyo, nimepanga."

Hakusita hata kidogo. Fundi alikuwa amejiandaa kupokea uongo, aupokee na kuuweka pembeni pamoja na vitu vingine. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Umepanga nini?"

"Si nilikwambia? Kuna mzunguko mbele, punguza mwendo. Walio ndani ya mzunguko wapite kwanza."

"Niambie tena."

"Nyumba," alisema Mwalimu.

Gari likazimika. Lilizimikia katikati ya mzunguko, pua upande mmoja na mkia upande mwingine, na kila mwenye honi akaikumbuka.

"Ni mimi," alisema nesi. "Samahani. Nilikuwa nasikiliza."

"Washa tena. Usiogope honi, honi haigongi mtu."

"Mhudumu amesema mwenzako yumo ndani," alisema Fundi kutoka nyuma.

Mkono wa nesi uliokuwa umefika kwenye ufunguo ukarudi mapajani.

"Mwalimu," alisema, "unisamehe sana. Mimi hili gari siliwashi mpaka ujibu."

Lori lilipita karibu kiasi cha kutikisa kibao cha juu ya paa. Mwalimu aligeuka kitini, kitu ambacho kwa miaka yote amewakataza wanafunzi wake, akamtazama mchumba wake uso kwa uso.

"Mwenzangu? Kule hakuna mwenzangu. Aliyeko kule ni mama yako."

Gari liliwaka, likatoka kwenye mzunguko kwa miruko mitatu, likasimama mbele ya duka la mabati. Nesi akazima injini, safari hii kwa hiari.

"Nilikwambia," alisema Mwalimu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, kama anavyowarudisha wanafunzi mahali walipokosea. "Siku ile ya mvua, nilipokuja kukuchukua karakana. Nilikwambia, nimepanga kule ufukweni, na mama akitaka chumba chake kipo. Nikakuuliza unaonaje. Ukasema sawa."

"Nilidhani umepanga safari."

"Na chumba cha mama?"

"Nilidhani unataka mama tuende naye fungate."

"Ukasema sawa?"

"Nikasema sawa."

Nesi aligeuka. "Mtu anakwambia atambeba mkwe wake fungate, na wewe unasema sawa?"

"Mama," alisema Mwalimu, "tazama mbele."

"Tumesimama, Mwalimu."

"Hata tukisimama."

Nesi akatazama mbele, kwenye mabati. Lakini alisogeza kioo cha ndani kidogo, kama alivyofundishwa, mpaka akaona vizuri nyuma.

Mwalimu aliendelea. Alisema shule ya udereva ya mji ule wa ufukweni inamtaka akaiongoze. Alisema mama alilia siku aliposikia kuna nyumba nyingine ya kuishi, uani kwa wale wenye nyumba ya wageni, na hakulia kwa huzuni. Fungate ingekuwa ndiyo kuhama kwenyewe: miji, hifadhi, kisha bahari, na hapo mizigo inashushwa. Kazi ya huku alishaiaga.

"Mama nesi ndiye mwanafunzi wangu wa mwisho," alisema.

"Wa mwisho?" alisema nesi. "Na mtihani wangu?"

"Nilitaka kukwambia tukimaliza mzunguko."

"Basi hatujaumaliza," alisema nesi. Akafikiri, akaongeza kwa sauti ndogo, "Kumbe si yeye tu anayeshtukizwa."

Fundi alitoa simu, akampigia mama yake, akaiweka sauti ya nje kwa sababu mkono wake ulikuwa umechoka kuishika.

"Mwanangu," mama aliitikia kutoka ndani ya upepo. "Madirisha ya huku ni makubwa kuliko nilivyodhani. Mapazia ya kule nyumbani hayatafika hata magotini. Na yule binti wa mapokezi ananiita mwenzake. Mwenzake nani? Mimi ni mkwe wake, nimemwambia leo mara ngapi."

"Mama, kwa nini hukuniambia uko huko?"

"Sikukwambia? Jumatatu umesimama mlangoni, begi langu liko mkononi mwako wewe mwenyewe. Nikasema mwanangu, naenda kule kutazama madirisha, Ijumaa narudi. Ukasema sawa, safari njema."

"Nilidhani unakwenda kwa mama mdogo."

"Mama mdogo ana madirisha gani ya kutazamwa?"

Mwalimu alifunika mdomo kwa kiganja. Nesi hakujali kufunika.

Kisha sauti ya mama ikapungua, na upepo ukasikika zaidi yake.

"Jana nimelala, mwanangu. Nimelala mpaka jua likanikuta. Kule nyumbani kila mlango ukilia naamka, namwekea baba yako chakula, ndipo nakumbuka. Huku milango haina sauti yake. Nisingekuficha jambo kama hili. Nilikuwa nakuuliza kila siku, na kila siku unanijibu."

Fundi aliisikia kila silabi. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapolia. Alisubiri, na hakuna kilichokuja, akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia mapajani, safi, yenye alama za uzi vidoleni.

"Sasa unasemaje?" mama aliuliza. "Niagize kitambaa?"

Mdomo wa Fundi ulifunguka na neno likawa tayari limefika kwenye meno. Kwenye kioo macho ya nesi yalikuwa yanamtazama, makavu, macho ya mtu anayengoja kipimajoto kisome.

"Nitakupigia," alisema Fundi.

Alikata simu. Halikuwa jibu, lakini halikuwa lile neno.

Waliendesha kurudi. Mwalimu alitoa maelekezo kwa sauti ya chini, kushoto, kulia, pole na hilo shimo. Walikuwa wameshaona saluni kwa mbali Fundi alipouliza lile ambalo, msomaji, wewe umeshaliuliza zamani.

"Na karakana?"

Mwalimu alikaza mkanda wake. "Hilo nalo tuliongea."

"Tuliongea nini?"

"Nilikuuliza, karakana tumwachie mtu? Ukasema sawa."

"Nilidhani kumwachia funguo. Siku za fungate tu."

"Mimi nilimaanisha kumwachia." Aligeuka kitini kwa mara ya pili. "Kumwachia kabisa."

Lile jengo si lao. Baba yake alilipanga alipokuwa kijana, akalipanga mpaka alipozeeka, na alipofariki binti akaendelea kulipanga kwa jina la baba. Ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati. Humo alijifunza kukata ngozi kabla hajajifunza kusoma. Humo baba yake alimwambia kwamba kiti kizuri ni kile ambacho mtu akishuka hakumbuki kama alikikalia.

"Umempa nani?"

"Sikumpa mtu. Nilimwambia tu mwenye jengo kwamba unatoka. Alisema hataingiza mpangaji mwingine mpaka akupigie wewe mwenyewe, akusikie kwa masikio yake."

Fundi alikumbuka. Ilikuwa mchana, cherehani inakimbia, sauti ya mzee inasema maneno marefu ya heshima, inaulizia, inahakikisha, inamwombea baba yake mapumziko mema.

"Alinipigia," alisema.

"Ukamwambia nini?"

Nesi aliwasha ishara, akatazama kioo, akasimamisha gari pembeni vizuri kuliko alivyowahi.

"Alimwambia sawa," alisema nesi, na akavuta breki ya mkono.

Lakini hakuna aliyemsifu kwa kuegesha, maana wote watatu walikuwa wanatazama juu.

Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana. Juu yake alisimama mwanamume mnene mwenye kofia ya gazeti na kopo la rangi nyeupe limening'inia kwenye ndoano. Bango la mbao lililokuwa juu ya mlango, lile ambalo baba alilichora kwa mkono wake, herufi zimeinama kidogo kama watu wanaotembea kwenye upepo, lilikuwa linasema VITI, MAKOCHI NA TURUBAI. Sasa lilisema MAKOCHI NA TURUBAI. Sehemu ya mwanzo ilikuwa nyeupe, na nyeupe yenyewe ilikuwa bado inang'aa.

Wifi alikuwa mlangoni mwa saluni, kitana mkononi, sauti imemkauka.

"Nimemwambia ashuke," alisema. "Kasema ana ruhusa. Nimemuuliza ya nani, kasema ya mwenyewe."

Fundi alishuka garini, akaenda mpaka chini ya ngazi.

"Nani kakutuma?"

"Salamu kwanza, dada. Habari," alisema mchora mabango bila ubaya. "Kazi ni ya mwenye jengo. Mpangaji mpya anaingia Jumatatu, anataka akute jina lake. Lakini mimi sifuti bango la mtu bila kumuuliza. Ni kama kumvua mtu kofia. Nilikupigia juzi. Nikasema mimi ni yule wa bango, nianze siku gani? Ukasema siku yoyote ni sawa."

Yule wa bango. Alidhani amesikia "benchi", mteja fulani wa kushonewa. Au hakudhani chochote.

Mwalimu alikuwa ameshasogea, amesimama nyuma yake, mikono haijui iende wapi. "Mimi bango sikulijua," alisema. "Naapa. Hilo nilikuwa nataka tulibebe twende nalo."

"Najua," alisema Fundi.

Na kweli alijua. Hilo ndilo lililokuwa zito: hapakuwa na mtu wa kumshika shati. Alitazama huku na huku, na kila aliyekuwapo alikuwa ameuliza kwanza.

Alipanda vipandio viwili vya ngazi, mchora mabango akasogeza mguu kumpisha, akanyoosha mkono, akagusa mahali palipokuwa na herufi ya kwanza. Kidole kilirudi cheupe. Chini ya weupe, pale alipogusa, paliachwa duara dogo la bluu.

"Inafutika?"

"Koti la kwanza la rangi, kwa tapentaini, linatoka," alisema mchora mabango. "Hata kesho asubuhi nitapambana nalo. Nikishapiga la pili, basi, hapo tena ni ukuta."

"La pili unapiga lini?"

"Kesho. Nimalizie na hayo maneno mengine, nipige la pili, kisha jina la bwana mpya."

Fundi alishuka. Nesi alikuwa ameshusha kioo cha gari chote. Wifi alikuwa amesahau tena kichwa cha mtu ndani.

"Leo acha hapo," alisema Fundi.

"Niache hivi hivi? Linasomeka vibaya."

"Acha hivyo. Njoo kesho."

"Sawa."

"Lakini kabla hujapanda ngazi, niulize."

"Nikuulize nini, dada?"

"Kama uendelee. Na nikikujibu sawa, niulize tena."

Mchora mabango alivua kofia yake ya gazeti, akajikuna kichwa. Kwa miaka ya kazi yake alishaagizwa mengi kuhusu herufi, lakini hili lilikuwa geni.

"Nikuulize mpaka useme nini?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu. "Sijui bado," alisema.

Mtu yule alifunika kopo, akaifuta brashi, akashuka. Mwalimu alimpisha. Kisha hakuondoka pale alipopishia. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia kitu kwenye injini ambacho abiria hawajakisikia.

"Wiki ile baada ya mazishi," alisema polepole. "Pale getini kwenu. Nilipokuomba nikuoe."

Wifi alishusha kitana.

"Unakumbuka ulinijibu nini?"

Fundi alikumbuka geti. Alikumbuka viti vya kukodi vimepangwa juu kwa juu vikisubiri kurudishwa, na kola ya Mwalimu iliyokuwa imekunjika upande mmoja, na kwamba alitaka kuinyoosha. Jibu hakulikumbuka. Hakuwa na haja ya kulikumbuka.

"Basi na mimi," alisema Mwalimu, "nikuulize tena?"

Mtaani baiskeli ilipita, kengele ikalia. Fundi alimtazama mtu huyu ambaye keshokutwa angekaa kwenye kiti cha dereva, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alichelewa kujibu. Alichelewa mpaka nesi akaanza kuhesabu pumzi zake kwa mazoea ya kazi.

"Kesho," alisema Fundi. Akaelekeza kidole chenye rangi kwa mchora mabango, aliyekuwa anafungasha kopo lake. "Huyu amewahi. Wewe utauliza baada yake."

Akafungua mlango wa mabati, akaingia ndani, na ngazi ikabaki imeegemea ukuta.